Inama Uangalie, Dereva

KIJIWENI na Babu Breki

Kuna watu hawainami. Wiki hii nimemkuta mmoja wao Jessup, Maryland, kwenye yadi ambayo sitaitaja. Kijana wetu wa nyumbani, simu sikioni, amerudisha kichwa cha lori chini ya tela, akasikia taya za sahani, kile kiungio cha kichwa kinachoibana pini ya tela, zikilia "kah!", akaunganisha mipira ya upepo, akapandisha miguu ya tela, basi. Nikamuuliza, "Umeangalia chini?" Akanijibu bila kukata simu: "Nimevuta, mzee. Imeshika."

Imeshika! Mimi niliyesimama kando naona mwanga unapita kati ya sahani na tumbo la tela. Mwanga huo hautakiwi kuonekana kabisa. Tela lilikuwa limeinuliwa mno, pini ikaingia juu juu, taya hazikuikamata shingoni. Ukivuta, tela la namna hiyo linaweza kukufuata hatua chache na kukudanganya. Ndiyo maana anayejua kazi huvuta, kisha hushuka na tochi akachungulia taya zimefumba wapi. Nikamwambia arudie. Akanipungia mkono kama anayefukuza nzi.

Kwenye kona ya getini tela likamtoka. Kichwa kikaenda zake, mipira ya upepo ikanyooka ikakatika, pua ya tela ikatua kwenye lami kwa kishindo kilichowatoa watu ofisini. Mbele kidogo tu ni barabara ya 95, halafu ile 495 inayoizunguka Washington. Tela likianguka pale saa kumi na moja jioni, watu wa College Park mpaka Springfield watafuturu ndani ya magari.

Na bado kijana akailaumu sahani! Haya, tuliikagua: grisi ya zamani imechanganyika na mchanga, imegandamana kwenye taya. Nani alipaswa kuikwangua na kuipaka mpya? Kanuni za shirikisho, kifungu 392.7, zinamtaka dereva mwenyewe aridhike kwamba kiungio cha tela ni kizima kabla hajaondoka. Kifungu hicho hakimtaji bosi wala fundi.

Najua ugonjwa huu wa kutoinama ulikotoka. Kule barabara ya Mombasa kwenda Malaba kulikuwa na utingo: yeye ndiye wa kuingia chini, kuchafuka na kutukanwa. Hapa Marekani utingo hakuna, ila ubwana wa dereva tumekuja nao kwenye sanduku. Ongeza malipo kwa maili, ambapo dakika za kuchungulia pini hazilipwi hata senti, na utapata vijana wanaoendesha tani thelathini na kitu kwa kusikia mlio.

Tena ugonjwa umevuka kwa wasio madereva. Jirani yangu wa Silver Spring, anayewasha mashine ya nyasi saa kumi na mbili asubuhi, amenunua nyumba ya kukokota inayofungwa kwa sahani ya namna hiyo kwenye karai la pikapu. Ikichomoka, pua yake huangukia kingo za pikapu yenyewe. Nimemuuliza kama anajua kukagua taya. Kasema muuzaji alimhakikishia. Jumamosi anaivuta kwenda Ocean City, na mimi nimeshamtakia safari ndefu.