Usipoziba ufa wa jino, utapasuliwa taya

Msikilize mkaazi wa Kibera au Kawangware anayeelekea kliniki alfajiri, shavu limefura na kiganja kimelishikilia. Hasemi anakwenda kutibiwa jino. Husema anakwenda kung'olewa. Sisi tunaofundisha isimu hujifunza mengi kutokana na kitenzi anachokichagua mtu. Hapa kitenzi ni kimoja, kwa kuwa tiba aliyoizoea mnyonge ni moja.

Ama kwa hakika, zipo sababu za upasuaji wa kinywa zisizoepukika. Magego ya mwisho, ambayo aghalabu huota kati ya umri wa miaka 17 na 25, huweza kukosa nafasi yakakwama tayani. Uvimbe nao huweza kuota mfupani polepole bila maumivu, mwenyewe akaupuuza hadi uso ukabadilika umbo. Fauka ya hayo, ajali za bodaboda huvunja taya za waendeshaji na abiria wao. Hao wote hawana budi kumwona daktari mpasuaji.

Lakini ipo sababu nyingine ambayo ingeweza kuzuiwa: tundu dogo lililoachwa likawa pango. Uchunguzi wa kitaifa wa afya ya kinywa wa mwaka 2015 ulionyesha kuwa asilimia 34.3 ya watu wazima na asilimia 23.9 ya watoto nchini Kenya walikuwa na meno yaliyooza. Uozo usipozuiwa hufika kwenye kiini cha jino, kisha usaha hutunga mzizini. Usaha huo ukienea hadi shingoni waweza kuziba njia ya pumzi na kuua.

Mwanafunzi wangu mmoja, mkaazi wa Kawangware, alinunua tembe za kutuliza maumivu muhula mzima. Alipofika hospitalini, wakati wa kuziba jino ulikuwa umepita: alipasuliwa, akatolewa usaha na kupoteza magego mawili. Hakuwa mpumbavu. Bei ya tembe aliimudu siku kwa siku. Gharama ya kuziba ilitakiwa yote kwa mkupuo.

Wahenga walinena kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Lugha yetu hutumia kitenzi hicho hicho, kuziba, kwa ufa na kwa jino. Hekima tunayo; kilichokosekana ni huduma.

Wala huduma hiyo haihitaji mitambo ya fahari. Katikati ya miaka ya 1980, nchini Tanzania, ilianzishwa njia ya kuondoa uozo kwa vifaa vya mkono na kuliziba jino bila umeme wala keekee. Mnamo 2021 Shirika la Afya Duniani liliingiza saruji inayotumika siku hizi kwa kazi hiyo katika orodha yake ya dawa muhimu. Ikiwa jirani zetu waliweza kuyafanya hayo vijijini miongo kadhaa iliyopita, Kaunti ya Nairobi itatoa udhuru gani kwa vituo vya afya vya mitaa ya wanyonge?

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Jino la pembe si dawa ya pengo. Tutajua haki hiyo imefika Kibera siku tutakapomsikia mkaazi wake akisema, bila kustaajabiwa na jirani, "Naenda kuzibwa jino."