Urojo wa mkopo, piza ya taslimu

Haya jamani, nimerudi. Najua nimekuwa kimya karibu wiki tatu na kuna watu wameanza kuuliza kama nimehama chuo. Sijahama. Sababu ya kwanza ni majaribio ya katikati ya muhula. Ya pili ni aibu, na hiyo ya pili ndiyo imenifanya nikae chini leo niandike.

Nianzie mbali kidogo, mnivumilie. Nina dada yangu, mtoto wa baba mkubwa, anaishi Fort Wayne, jimbo la Indiana, huko Marekani. Siku moja akanitumia picha ya bakuli. Mchuzi mzito wa njano, nusu ya yai la kuchemsha, kipande cha ndimu pembeni, na juu kumemwagwa vitu vya kukaanga vilivyovunjwavunjwa. Nikamwandikia, "Shikamoo dada, kumbe hata huko urojo upo?" Akacheka sana. Akasema huo sio urojo, unaitwa mohinga, ni chakula cha Waburma, na yeye huwa anakula kwenye kamgahawa kao mtaani kwake, meza sita tu na viti vya plastiki.

Kwa wasiojua, Burma ndiyo nchi ambayo serikali yake ilibadilisha jina ikaiita Myanmar mwaka 1989. Fort Wayne kuna Waburma wengi mno kwa sababu wakimbizi walianza kupelekwa huko miaka ya 1990, baada ya jeshi kuzima maandamano ya mwaka 1988. Mwaka 2021 jeshi likapindua serikali tena, kwa hiyo wengi kurudi nyumbani ndiyo basi. Mohinga kwao ni kama chai na chapati kwetu, msosi wa asubuhi. Wanachemsha samaki, mara nyingi kambare, na mchaichai, tangawizi na vitunguu. Mchuzi unatiwa uzito kwa unga wa dengu au wa mchele, kisha unamwagiwa juu ya tambi za mchele. Na vile vya kukaanga juu? Dada anasema ni bajia za dengu kabisa.

Mi nilishangaa mpaka nilipofikiria kidogo. Burma ilitawaliwa na Waingereza kama mkoa wa India mpaka mwaka 1937, na Wahindi walihamia kule kwa wingi kama walivyokuja Unguja na Dar. Penye Mhindi na dengu bajia haiko mbali. Tena wazee wetu wenyewe walifika huko. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, yaani akina babu wa keya, ilipigana na Wajapani kwenye bonde la Kabaw mwaka 1944 na kufika mto Chindwin mwezi Desemba. Kwa hiyo mtu akikwambia Burma ni mbali, mwambie babu zetu walifika, tena kwa mguu.

Sasa dada akaniambia kitu kilichoniganda. Alisema alipofika Marekani mwaka wa kwanza alikuwa hamjui mtu. Mama wa Kiburma mwenye ule mgahawa ndiye aliyekuwa mtu wa kwanza kumuuliza mbona jana hukuja. Kiingereza cha mama mwenyewe cha kuombea maji. Dada akasema, "Mdogo wangu, mimi nalipa dola kumi na kitu nikumbuke urojo. Wewe uko Kigamboni, urojo uko mlangoni. Unafaidi."

Hapo ndipo aibu ilipoanza.

Mnaosoma hapa kwetu Chuo cha Kumbukumbu ya Mwalimu Nyerere mnamjua Mama Urojo. Kwa ambao hamjafika, ukitoka chuo ukashika njia ya mtaani kuna mwarobaini, chini yake benchi mbili, meza moja yenye kitambaa cha plastiki, jiko la mkaa na sufuria kubwa. Mama ni mtu wa Unguja, kaolewa huku zamani sana, kabla hata watu hawajaota daraja. Anafungua saa kumi jioni. Bakuli lake lina viazi, kachori, bajia, mishikaki miwili, yai ukitaka, muhogo wa kukaanga juu, chatini ya nazi, na pilipili ambayo anakuuliza kwanza "ya mtu mzima au ya mwanafunzi?" Ule mchuzi una ukali wa embe mbichi na limau mpaka macho yanafumba yenyewe. Shilingi 1,500, na yai 2,000.

Lakini nikisema ule urojo ni mtamu nimesema nusu tu. Pale benchi moja inakaliwa na mwanafunzi, bodaboda, fundi uashi na mzee anayerudi msikitini, wote mnasogezeana chumvi. Habari za mtaa nazijua pale. Chumba cha kupanga nilikipatia pale. Nilipougua malaria mwaka jana, mama alimtuma mtoto wake aniletee uji geto. Sikumwomba.

Na Mama Urojo anakopesha. Ana daftari la kaunta lenye jalada jekundu. Ukifulia unasema "mama, andika," naye anaandika.

Sasa sikieni nilichofanya. Bumu letu mnalijua, hesabu ni shilingi 10,000 kwa siku tangu ilipopanda kutoka 8,500. Lakini haliji kwa siku, linakuja kwa mkupuo, na mkupuo unalevya. Wakati huo kwenye daftari jekundu nilikuwa nadaiwa 23,500. Bumu lilivyoingia, mimi na washikaji wanne tukapanda pantoni, tukavuka Magogoni, tukachukua gari mpaka Masaki. Piza. Juisi kwenye glasi ndefu kama vazi la maua. Picha kama arobaini. Sehemu yangu peke yangu ilikuwa 38,000, ukiacha nauli. Mhudumu hakunijua jina na wala hakuwa na sababu ya kunijua.

Niseme kweli, piza ilikuwa tamu. Sitaki kujifanya mtakatifu.

Tatizo ni nilichofanya baada ya hapo. Wiki nzima nilikuwa napita njia ya nyuma, ile yenye matope, ili nisionwe chini ya mwarobaini. Nina hela mfukoni, namkimbia mtu aliyenilisha nikiwa sina. Nikaweka picha za piza kwenye status, dada akaziona kule Indiana. Akaandika tu, "Hongera. Na yule mama yako wa urojo hajambo?"

Kesho yake nikaenda. Saa kumi na moja jioni, benchi zipo, jiko halijawashwa. Mama amekaa na daftari mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Ulisafiri?"

Nikasema nilikuwa na mitihani. Akasema haya, Mungu akusaidie. Akanambia ni siku ya tatu hajapika. Mkaa umepanda, mafuta yamepanda, na mtaji umekatika. Nikamuuliza umekatikaje na watu wanajaa kila siku? Akanigeuzia daftari. Tulikuwa kumi na wanne, wote wanafunzi, jumla yetu 214,000. Mtaji wake wa siku moja, kununua viazi, nyama, dengu, mafuta na mkaa, ni kama 60,000. Yaani sisi wasomi tulikuwa tumekula siku tatu na nusu za sufuria yake, na siku tatu ndizo hizo jiko lilikuwa baridi.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Sasa hoja yangu ni hii. Sisi wanachuo tuna tabia ya kusifia vijiwe vya mtaani kwa mdomo na kuvitumia kama akiba ya siku za njaa. Tukiwa na hela tunavuka maji, tukifulia tunarudi. Hela taslimu anapata mwenye viyoyozi, Mama Urojo anapata maneno na mstari kwenye daftari. Halafu siku akifunga tunasikitika, "dah, alikuwa na urojo mkali." Alikuwa! Si sisi tuliomfungisha?

Najua mtakachosema. Kuna atakayesema pesa ni yangu, nale nitakapo. Sawa kabisa, kula hata Masaki, mimi mwenyewe nitarudi siku nyingine. Lakini hela unayodaiwa sio yako, iko mfukoni kwako kwa muda tu. Wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga, na walitujua sisi vizuri.

Mwingine atasema hayo mambo ya kukopesha kayataka mwenyewe, angekataa. Jamani. Angekataa mwezi wa bumu kuisha, nusu yenu mngelala na maji. Asipokopesha mnamwita roho mbaya, akikopesha mnamwita mjinga. Afanyeje?

Wa tatu atasema usafi, na huyu namheshimu, maana Dar tumeshazika watu kwa kipindupindu. Basi angalia kabla hujakaa. Maji ya kunawa yanatiririka au ni beseni moja la wote? Mchuzi unachemka au umepoa tangu mchana? Chatini imefunikwa? Kwa Mama Urojo kuna ndoo ya koki na sabuni, nimeiona kila siku. Kuna kwingine sijaona, na huko sili. Ila kusema kila cha chini ya mti ni kichafu ni uvivu wa kufikiri. Hata jiko la wenye viyoyozi hukuingia kulikagua.

Kwa hiyo nashauri mambo matatu, hayahitaji digrii. Bumu likiingia, kituo cha kwanza kiwe kwa mwenye daftari kabla hujamwonyesha mtu meseji ya benki. Kama huna yote, peleka nusu na useme ukweli, usipite njia ya matope. Na siku ukiwa na hela, ule palepale kwa taslimu, hata mara mbili kwa wiki, ili mama asikujue kama mtu wa shida tu.

Mimi nililipa 15,500 siku ileile, ndizo zilikuwa zimebaki baada ya kutoa kodi ya chumba. Nadaiwa 8,000. Nikawafuata wale wanne wa Masaki mmoja mmoja. Watatu wamelipa, mmoja ameniblok, anajijua. Siku mbili baadaye jiko likawaka. Nilikuwa wa kwanza kwenye benchi, nikalipa kabla ya kula, mama akasema "leo una haraka gani?" na akanitilia kachori ya ziada ambayo sikuilipia. Nikapiga picha ya bakuli nikamtumia dada.

Alijibu usiku wa manane wa huku, na yeye akiwa kazini. "Wewe unao. Mlipe."

Zile 8,000 namalizia Ijumaa. Nikionekana napita njia ya nyuma, nimeruhusu mnizomee.

Naomba kutoa hoja.