Kioo cha simu kipimwe gizani

Matangazo ya simu na televisheni za OLED yamezoea kutupa tarakimu tatu: wingi wa pikseli, ukali wa mwanga, na mara ambazo picha huandikwa upya kwa sekunde. Tarakimu hizo ni za kweli. Ubaya ni kwamba mnunuzi huachwa aamini kuwa ndizo zinazoamua uzuri wa picha, ilhali jambo lenye uzito kuliko yote hayo halitajwi popote kwenye boksi. Nyuma ya kila nukta ya mwanga kuna saketi ndogo mno yenye kazi moja, kuigawia nukta hiyo umeme wake. Saketi hizo zikigawa kwa haki, uso wa mtu katika filamu ya usiku huonekana uso. Zikipendelea, uso huo hujaa mabaka na michirizi, hata kama pikseli ni mamilioni. Kwa hiyo kioo kinastahili kuhukumiwa kwa namna kinavyobeba mwanga hafifu, na wanaotuuzia na wanaotuandikia habari za vifaa hivi wanapaswa kutueleza hilo kabla ya jingine lolote.

Tatizo linaanzia kwenye namna OLED inavyowaka. Kioo cha LCD kina taa ya nyuma inayowaka muda wote, na kila pikseli ni mfano wa pazia linalofunguka kulingana na volti iliyopewa, hivyo transista moja ya kufungua na kufunga inatosha. Pikseli ya OLED ni taa yenyewe, na mwanga wake hufuata mkondo wa umeme unaopita ndani yake. Hapo transista zinahitajika walau mbili: ya kwanza hupokea taarifa ya picha na kuihifadhi kwenye kapasita, ya pili hupitisha mkondo bila kukoma hadi taarifa mpya ifike. Hii ya pili ndiyo yenye mambo. Kila transista ina kizingiti, yaani kiwango cha volti ambacho chini yake haipitishi umeme wa maana. Silikoni ya vioo vya simu huyeyushwa kwa leza ili igande upya ikiwa fuwele, na kwa kuwa fuwele hazigandi sawasawa kila mahali, vizingiti navyo hutofautiana. Mkondo, kwa upande wake, hukua kwa mraba wa volti iliyozidi kizingiti. Tuseme transista mbili jirani zimekusudiwa kupata volti 1 juu ya kizingiti, lakini kizingiti cha mojawapo kimepanda kwa volti 0.1. Hiyo itapitisha asilimia 81 ya mkondo wa mwenzake. Punguza mwanga, volti ya ziada ishuke hadi 0.3, na transista ile ile itabaki na asilimia 44 tu. Kasoro haikuongezeka hata chembe, ila gizani madhara yake yamekaribia kuwa mara tatu.

Ching W. Tang na Steven Van Slyke wa Kodak walipotangaza mwaka 1987 taa ya kemikali za kaboni iliyowaka kwa volti chache, msingi wa OLED, walitatua suala la mwanga. Suala la kuugawa kwa usawa liliwaangukia wabunifu wa saketi, na jibu lao linafanana na la muuza nafaka mwaminifu, anayepima kwanza chombo kitupu ndipo atie mchele. Kabla ya kupokea taarifa ya picha, transista huunganishwa kwa namna ambayo mkondo hupungua wenyewe hadi ukome pale pale kwenye kizingiti, na kapasita hukikariri. Taarifa ya picha huwekwa juu ya kipimo hicho, na tofauti kati ya transista na transista hujifuta kwenye hesabu. Gharama yake ni nafasi. Simu nyingi leo hutumia transista saba na kapasita moja kwa kila kitoa-rangi, yaani nukta ya rangi moja ndani ya pikseli. Kwenye kioo cha pikseli 1080 kwa 2400, chenye vitoa-rangi viwili kwa kila pikseli, hizo ni transista zaidi ya milioni 36.

Hapa ndipo tarakimu za matangazo zinapoanza kuumiza kile zinachodai kukisifu. Kupima kizingiti kunahitaji muda, na kwa kawaida muda huo hutoka kwenye ule wa kuandika mstari. Kioo cha mistari 2400 kinachoandikwa mara 60 kwa sekunde huupa kila mstari chini kidogo ya mikrosekunde 7, na kikiandikwa mara 120 muda huo hupungua hadi karibu 3.5. Mbunifu asipobadilisha saketi ili upimaji ufanyike kando na uandikaji, kipimo kitakatizwa kabla hakijatulia, na mabaka yatarudi. Kasi kubwa bila saketi inayoistahili ni hasara kwa picha.

Wapo watakaosema kwamba programu inaweza kusawazisha yote hayo, na hoja yao si nyepesi. Kiwandani, kamera hupiga picha ya kioo kilichowashwa, na marekebisho ya kila eneo huhifadhiwa kwenye kumbukumbu. Lakini kipimo hicho ni cha siku ya kwanza, na transista huchakaa kama kifaa kingine chochote. Televisheni kubwa zimejaribu kulikabili hilo kwa kujipima upya baada ya saa kadhaa za matumizi, zikiwa zimezimwa kwa rimoti huku waya ukiwa bado kwenye soketi. Katika nyumba zetu nyingi, ambako umeme hukatika na kurudi kwa kishindo, televisheni huzimwa ukutani, na ni busara kufanya hivyo. Marekebisho yanayotegemea soketi yenye umeme usiku kucha hayakubuniwa kwa ajili ya nyumba hizo. Kipimo kilicho ndani ya pikseli hufanyika kila picha inapoandikwa.

Wengine watauliza kama mnunuzi wa kawaida huona tofauti. Huiona, ila hajui aiite nini. Baadhi ya watengenezaji, wakikwepa mikondo midogo isiyoaminika, hupunguza mwanga kwa kuiwasha na kuizima pikseli mara mamia kwa sekunde, na wapo watu ambao macho yao huchoka au kichwa huwauma kwa sababu hiyo, hasa wasomapo usiku. Kumchunguza muuzaji hakuhitaji maabara. Picha moja ya kijivu kilichokolea, isiyo na maandishi, ifunguliwe dukani na mwanga ushushwe hadi mwisho, mahali penye kivuli. Duka linalotangaza pikseli milioni mbili na nusu halina sababu ya kukataa kuonyesha kama zinawaka sawasawa.