Mark X ni gari la familia, tusiionee

Nakubali kwamba Toyota Mark X ni raha kuendesha, ila kuiita gari la vijana wa mbio ni kuionea. Japani ilitengenezwa kama saluni ya watu wazima, mrithi wa Mark II, kuanzia 2004 hadi 2019. Ile V6 ya lita 2.5 inanguruma kwa mbali tu, na kwa kuwa inasukumwa na magurudumu ya nyuma, usukani unatulia hata ukikata kona kwa kasi kidogo. Nakuru hadi Naivasha, kulipita lori si jambo la kushika roho mkononi. Kwenye foleni ya mjini, lakini, inakunywa mafuta kwelikweli.

Shida yetu kubwa ni matuta. Pakia watu watano na mizigo, nyuma inashuka, na chini inakwaruza hata ukilipanda tuta kwa mshazari. Ndiyo maana mafundi wetu huongeza speza kwenye springi. Mjapani wa mjini hahitaji hayo. Mmarekani naye aliuziwa Camry, inayovutwa na magurudumu ya mbele, na Camry hiyohiyo ndiyo teksi utakayoipanda Dubai, ambako watu wanajali nafasi ya nyuma na kiyoyozi kuliko kona.

Mnaotaka kununua, msijaribu gari mkiwa peke yenu. Pakieni familia yote, mvuke tuta moja kubwa, kisha ndiyo mzungumze bei.