Usahihi Unaoficha: Bolshoi, Le Corsaire na Soko la Watumwa

Ipo hoja ninayoisikia kila nitajapo siasa ya jukwaa mbele ya wapenzi wa sanaa za Ulaya: kwamba kazi ya kale ikifufuliwa kwa usahihi, aliyeifufua hawezi kulaumiwa kwa lolote lililomo ndani yake. Yeye, wasema, ni mtunza makumbusho. Amefuta vumbi tu. Wanafunzi wangu nao wameanza kuirudia hoja hii, na ndiyo sababu ya makala haya. Naipinga, na nitaipinga kwa mfano unaoipa hoja hiyo kila nafasi ya kushinda.

Mfano wenyewe ni Le Corsaire, baleti ya maharamia iliyofufuliwa na Bolshoi ya Moscow mwaka 2007, chini ya Alexei Ratmansky na Yuri Burlaka, na ambayo kampuni hiyo ilisafiri nayo hadi ukumbi wa Coliseum, London, majira ya joto ya mwaka huohuo. Nilikuwa miongoni mwa watazamaji. Sitadai kwamba nilichokiona kilikuwa kibaya. Ile sehemu ya bustani iliyojaa wachezaji na watoto wenye mashada ya maua, juu ya muziki ulioongezwa na Delibes, ni miongoni mwa mambo mazuri ambayo macho yangu yamepata kuyaona jukwaani, na msomaji anayetarajia niseme kwamba baleti ni upuuzi wa mabwanyenye atafute makala nyingine.

Kazi iliyofanyika kuirudisha baleti ile inastahili heshima. Mwishoni mwa karne ya 19 Vladimir Stepanov alibuni namna ya kuandika hatua za dansi kwa alama zinazofanana na noti za muziki. Kwa alama hizo ziliandikwa kazi nyingi za Marius Petipa, Mfaransa aliyetawala baleti ya St Petersburg kwa miongo kadhaa. Baada ya mapinduzi ya 1917, Nikolai Sergeyev, aliyekuwa msimamizi wa maonyesho katika Mariinsky, aliondoka Urusi na masanduku ya maandishi hayo. Aliyatumia London katika miaka ya 1930 kuwafundisha Waingereza baleti ambazo leo wanaziita urithi wao, na hatimaye yakafika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwaka 1969. Warusi wa leo wanaotaka kujua babu zao walicheza vipi hulazimika kwenda kuuliza Massachusetts. (Mwafrika aliyewahi kutafuta nyaraka za nchi yake mjini London au Berlin ataielewa hali hiyo bila kufafanuliwa.) Ratmansky na Burlaka waliyasoma maandishi ya Harvard, wakatafuta muziki wa Adolphe Adam katika hifadhi za Paris, wakashona mavazi kwa kufuata michoro ya onyesho la 1899. Pale ambapo maandishi yalikuwa na pengo, Ratmansky alitunga mwenyewe.

Uaminifu wao ulikuwa mkubwa kiasi kwamba Ali hayumo. Ali ni yule mtumwa kifua wazi anayeruka kama chui, ambaye dunia nzima humkumbuka inaposikia jina la Le Corsaire. Umaarufu wake ni wa karne ya 20, wa Chabukiani kule Leningrad na wa Nureyev alipocheza na Margot Fonteyn jijini London mwaka 1962. Petipa hakuwa naye, basi akaondolewa. Hapo ndipo hoja ya usahihi inapofikia kilele chake, na hapo ndipo nianzapo ugomvi wangu nayo.

Maana baada ya kumwondoa mtumwa mmoja kwa ajili ya usahihi, jukwaa lilibaki na soko zima la watumwa. Pazia linapofunguka tuko Edirne, katika bazari ya Isaac Lanquedem, mfanyabiashara wa watu aliyechorwa kwa kejeli zote ambazo Ulaya ya karne ya 19 ilimwekea Myahudi. Wasichana huletwa mbele ya mnunuzi, hucheza, hukataliwa au hulipiwa. Mnunuzi ni Pasha, mzee mpumbavu ambaye kazi yake ni kutuchekesha. Jina lake, tangu utenzi wa Byron wa 1814 ulioizaa baleti hii, ni Seyd. Sikio la mtu wa pwani husikia Seyyid. Watu ukumbini walicheka pale walipotakiwa kucheka, mimi nikiwa kati yao nikihesabu miaka.

Le Corsaire ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Paris, Januari 1856. Oktoba ya mwaka huohuo Seyyid Said bin Sultan alifariki dunia, akiacha Zanzibar yenye mashamba ya karafuu na soko la watu. Petipa alipolitengeneza upya onyesho hilo mjini St Petersburg mwaka 1863, soko la Zanzibar lilikuwa wazi, na lingebaki wazi miaka kumi zaidi, hadi Seyyid Barghash alipotia saini mkataba wa Juni 1873. Kwa hiyo anayesema kwamba bazari ile ni njozi tu, kama majini na mazulia yanayoruka, anasema jambo ambalo bibi zetu wangeweza kulikanusha.

Lakini nisiishie pwani, kwa sababu hapo ndipo mtetezi wa Bolshoi atakaponiambia: dhambi hiyo ni ya Waarabu na Waturuki, Mrusi ana kosa gani? Mrusi aliyekuwa ukumbini mwaka 1858, Jules Perrot alipoileta baleti hii St Petersburg na Petipa mwenyewe akacheza nafasi ya haramia Conrad, alikuwa raia wa nchi ambamo watu zaidi ya milioni 20 walikuwa mali ya makabaila. Walifungwa kwenye ardhi, waliuzwa, walipigwa, walichezwa kamari. Mwishoni mwa karne ya 18 magazeti ya nchi hiyo yalikuwa yakichapisha matangazo ya watu wanaouzwa. Ukombozi wao ulitangazwa mwaka 1861. Ukumbi ule wa 1858, basi, ulijaa wenye watumwa waliokuja kumcheka mwenye watumwa aliyevaa kilemba.

Na wachezaji je? Sanaa hii ilipokuwa ikiota mizizi Urusi, sehemu kubwa ya wasanii wake walikuwa watu wa kumilikiwa. Kabaila Nikolai Sheremetev aliwapa wasanii wake majina ya vito: mwimbaji Praskovia akawa Zhemchugova, yaani wa lulu, mchezaji Tatiana Shlykova akawa Granatova, wa garneti, mwingine akawa Biryuzova, wa feruzi. Msomaji wa pwani asimame kidogo hapa. Feruzi, Almasi, Yakuti: ni majina yaleyale waliyopewa watumwa wa kwetu na mabwana waliopenda kuita mali yao kwa jina la mali. Mabwana hawa hawakupata kukutana na Sheremetev, lakini walifikiri kama yeye.

Kuna jambo jingine, na hili ndilo ninalodai lilipaswa kuchapishwa katika kila kijitabu kilichouzwa mlangoni. Mwaka 1806 uongozi wa majumba ya maonyesho ya Kifalme ulinunua kikundi cha wasanii wa kabaila Stolypin kwa ajili ya Moscow: watu 74, kwa rubo 32,000. Bwana Stolypin alitaka zaidi; Tsar Alexander wa Kwanza aliona bei ni kubwa, ikapunguzwa. Majumba hayo ya Moscow ndiyo yaliyoizaa Bolshoi. Kampuni iliyotuonyesha soko la watu kama kichekesho cha Mashariki ina katika nasaba yake risiti ya ununuzi wa watu, na bei ilijadiliwa kama inavyojadiliwa bazarini.

Wapenzi wa usahihi walikwenda Harvard kutafuta mkono wa mchezaji ulielekea wapi katika kipimo fulani cha muziki. Walikwenda Paris kutafuta noti za Adam. Nyaraka za mwaka 1806 hazihitaji safari ndefu hivyo. Usahihi unaojua rangi ya mshipi wa Pasha lakini haujui bei ya mchezaji ni uchaguzi, na mwenye kuchagua huulizwa sababu ya alichochagua. Desemba 2019, mchezaji Mmarekani Misty Copeland alipolalamikia picha ya wachezaji wasichana wa Bolshoi waliopakwa rangi nyeusi kwa ajili ya La Bayadère, mkurugenzi mkuu wa wakati huo, Vladimir Urin, alijibu kwa ufupi kwamba baleti hiyo imechezwa hivyo maelfu ya mara na kwamba Bolshoi haitaingia katika mjadala kama huo. Ni hoja ileile. Tumekuwa tukifanya, kwa hiyo si letu.

Wanaharakati wenzangu watataka niseme Le Corsaire ipigwe marufuku. Sisemi hivyo. Marufuku ingemfurahisha Urin kuliko mtu yeyote, kwa kuwa ingemgeuza kuwa shahidi wa sanaa. Tena sisi wa pwani tusijitie usafi: anayewatembeza wageni Mji Mkongwe huweza kuusifu mlango wa nakshi kwa dakika kumi bila kusema nyumba ile ilijengwa kwa fedha ya nini, na hakuna afisa wa utalii atakayemsahihisha.

Ninachotaka ni kidogo na kinawezekana. Iachwe bustani, yaachwe maua, iachwe ile meli inayozama mwishoni, ambayo ni ajabu ya ufundi. Lakini bazari ichezwe na watu wanaojua kwamba waliowatangulia katika kampuni yao waliuzwa, na Pasha avae, walau katika onyesho moja, koti la kabaila wa Moscow.