Anayedai alete kipimajoto

Mwezi Februari mwaka huu, kijiweni kwetu nyuma ya stendi ya Same, kahawa ilipoa vikombeni kwa sababu ya maji ya moto. Jirani yangu anayeuza barafu za ubuyu na ukwaju alipita na ndoo yake, akasema tu, bila kumlenga mtu, kwamba ubuyu akiuingiza kwenye friza ukiwa bado wa moto unaganda mapema kuliko akiuacha upoe kwanza. Hakuruhusiwa kumaliza. Fundi simu alimkatiza: haiwezekani, cha moto lazima kwanza kifike pale kilipo cha baridi, sasa kitamtanguliaje? Kijana wa bodaboda akasema ameona video. Mzee mwenzangu mmoja akakumbusha kwamba yeye ndiye mwenye cheti pale. Kisha mtu akauliza, "Kwani mama, wewe ulisoma wapi?" Yule mama akajitwika ndoo yake akaondoka.

Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka 31. Nimeandika maneno ya mashahidi hadi kidole changu cha kati kikaota sugu ya kalamu, na ninajua kesi inapoharibika inasikikaje. Inaharibika pale watu wanapoacha kuuliza kilitokea nini wakaanza kuulizana wewe ni nani.

Sisi Wapare tunasemwa nchi nzima kwa kupenda kesi. Watani wetu Wachaga wanadai Mpare yuko tayari kuuza ng'ombe apate nauli ya kufuatilia kesi ya kuku. Sijawahi kuuona huo kuwa ubaya. Mtu wa namna hiyo kuku ameshamsahau; anachotaka ni ijulikane nani alisema kweli, na iandikwe. Januari 1945 maelfu ya wazee wetu walishuka hapa Same kutoka milimani kuikataa mbiru, kodi iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu. Profesa Isaria Kimambo ameiandika vizuri habari hiyo. Wazee wale walikuwa wakilipa kodi miaka yote. Walichokataa ni mtu kusimama uani kwako, kuangalia mbuzi na migomba, kisha kutaja kiasi.

Basi inakuwaje watu wa asili hiyo, ubishi ukihusu shamba tunadai hati, ramani na jirani wa mpakani, lakini ukihusu maji, umeme au mvua tunaridhika na mwenye sauti kubwa? Sheria ya Ushahidi ya 1967 inasema anayedai ndiye mwenye jukumu la kuthibitisha. Inataka shahidi aseme alichokiona au kukisikia mwenyewe. "Nimeona video" haikubaliki hivi hivi hata kwenye kesi ya kuku.

Chukua ubishi wa mnara wa simu. Kila kiangazi kuna anayesema mnara ndio unaofukuza mvua ya Same. Kielelezo cha kumjibu kiko milimani, tena kilichimbwa na babu zetu: ndiva. Haya malambo ya kukusanyia maji ya mifereji usiku, ili asubuhi kila mwenye zamu apate ya kutosha shambani, yalikuwepo zamani kabla ya simu. Watu wenye mvua ya uhakika hawajisumbui kuchimba ndiva. Pepo za Bahari ya Hindi huacha maji yake kwenye miteremko ya mashariki na kwenye misitu ya Shengena; zikivuka kuja upande wetu, zimeshakauka. Ubishi huo unaweza kuisha kwa matembezi ya siku moja.

Au chukua makande. Kwa miaka mingi nyumbani kwetu palikuwa na mgogoro kati ya marehemu mke wangu na dada yangu anayeishi mlimani. Maharage yale yale, kutoka gunia moja, yaliiva haraka Same na kukesha jikoni kule juu. Dada alilaumu kuni, mke wangu akalaumu jungu, na mama yetu alisema kuna watu hawana mkono wa maharage. Nilipostaafu nilinunua kipimajoto cha maabara Moshi, nikapanda nacho. Maji yaliyokuwa yakitokota kwa dada yalikuwa pungufu ya nyuzi mbili na kitu kuliko yaliyotokota kwangu. Ndivyo ilivyo kila mahali duniani: kwa kila mita 300 unazopanda, maji huchemka kwa karibu nyuzi moja pungufu, kwa sababu hewa inayoyakandamiza imepungua. Kileleni Shengena, mita 2,462, yangetokota yakiwa na nyuzi kama 92 tu. Maharage hayajali mapovu, yanataka joto. Dada alikitazama kile kipimajoto kwa muda mrefu, kisha akasema, "Kaka, na mimi miaka yote hii nikinyamaza." Sentensi hiyo ndiyo iliyonifanya nianze kuandika makala hii, hata kabla ya mambo ya barafu.

Sasa turudi kwa yule mama na ndoo yake, maana kesi yake ina historia, na historia hiyo ni ya kwetu. Kutoka migongo ya mashariki ya milima yetu unaiona Usambara ng'ambo ya bonde la Mkomazi. Huko, juu ya Lushoto, iko Magamba. Mwaka 1963 mwanafunzi wa kidato cha tatu katika sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Kwa kawaida walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakaacha yapoe, ndipo wakayaingiza kwenye friji. Siku hiyo nafasi ilikuwa finyu, wenzake wakiigombea, naye akaingiza yake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu yake yalikuwa yameganda. Ya mwenzake, aliyeingiza maziwa bila kuyachemsha, yalikuwa bado uji mzito.

Alimwuliza mwalimu wa fizikia, akaambiwa amechanganyikiwa. Hapo ndipo ninapompenda kijana huyu: wakati wa likizo aliwauliza wauza aiskrimu wa Tanga, nao wakamwambia kwamba wao huingiza ya moto ili iwahi kuganda. Walishajua, kwa sababu ndiyo kazi iliyowalisha. Alipofika Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu, aliuliza tena, akachekwa tena. Siku moja mhadhiri wa fizikia kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Denis Osborne, alikwenda shuleni kuzungumza na wanafunzi. Mpemba akasimama akauliza lile lile mbele ya wote. Osborne hakumwuliza alisomea wapi. Alirudi Dar es Salaam akamwagiza fundi wa maabara ajaribu, na fundi akaleta taarifa kwamba maji ya moto yametangulia, akaahidi kuendelea kurudia mpaka apate jibu sahihi! Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha taarifa yao pamoja katika jarida la Physics Education, na tangu hapo dunia nzima inalitaja jambo hilo kwa jina la kijana wa Kitanzania.

Tunajivunia sana jina hilo. Ni wangapi kati yetu wamewahi kurudia jaribio lenyewe? Wenzetu wa mbali hawajaacha. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza zawadi ya pauni 1,000 kwa maelezo bora, zikaja kazi zaidi ya 22,000, na aliyeshinda alikuwa Nikola Bregović wa Zagreb. Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, nao wa Uingereza, walipima upya wakasema hawakuona ushahidi wa kutosha kwamba maji ya moto hutangulia kufika sifuri. Walionyesha pia kwamba ukisogeza kipimajoto juu au chini sentimita moja tu ndani ya chombo, unaweza kupata mshindi wa uongo. Yaani kesi ya Mpemba bado ina rufaa mbichi, na friza ziko tele katika wilaya hii.

Kwa hiyo nilimfuata jirani yangu nyumbani kwake, nikamwomba radhi kwa niaba ya kijiwe, nikamwomba na kona ya friza. Fundi simu alikuja mwenyewe, na nitamsifu hapa kwa sababu aliye tayari kupima hoja yake mwenyewe anastahili heshima. Alileta vipimajoto viwili vya waya mwembamba unaopita kwenye mpira wa mlango, ili tusifungue friza kila dakika na kuingiza joto la nje. Nilipomsomea habari ya ile sentimita moja, alifunga kila waya kwenye njiti ili ncha zote zikae kina kimoja.

Usiku wa kwanza tuliweka mabakuli mawili ya bati yanayofanana, maji ya ndoo moja, kipimo kimoja. Moja nyuzi 80, jingine nyuzi 25. La moto lilitangulia. Mama alifurahi, ila alikuwa wa kwanza kuitilia shaka furaha yake. Alinyanyua lile bakuli akatuonyesha: lilikuwa limeyeyusha theluji iliyoganda sakafuni mwa friza, likazama na kukaa juu ya chuma chenyewe. Lile la baridi lilibaki juu ya theluji kama mtu aliyelala juu ya godoro. "Hawa hawajalala kitanda kimoja," alisema. Miaka 31 nimewasikia mawakili wakihoji mashahidi, na ni wachache walioona kasoro ya ushahidi wao wenyewe kwa wepesi namna hiyo.

Osborne alishalifikiria hilo. Vyombo vyake aliviweka juu ya lile povu jeupe gumu linalokuja kwenye maboksi ya televisheni, ili baridi isipite chini. Usiku wa pili nasi tuliweka povu, na la baridi likatangulia. Usiku wa tatu tulibadilishana kona, la baridi likatangulia tena, kwa tofauti ndogo. Usiku wa nne umeme ulikatika saa nne, nikaandika hivyo hivyo daftarini.

Kilichonishangaza zaidi ni kwamba usiku ule wa tatu tuliligundua kosa letu la kijiweni, nalo halikuwa la fizikia. Fundi simu alisimamisha saa pale waya uliposoma sifuri. Mimi nilingoja nione utando wa kwanza wa barafu. Mama alitushangaa wote wawili: "Kwangu mimi imeganda pale mtoto akiibeba mpaka shuleni na haimwagiki." Tulikuwa na kesi tatu ndani ya jalada moja! Hata wakubwa wana tatizo hilo: Osborne alihesabu muda mpaka kuganda kuanze, Burridge na Linden wakahesabu muda wa kufika sifuri. Ubishi mwingi wa kijiweni nimeuona tangu hapo kwa jicho hilo. Watu wanagombana wakijibu maswali tofauti, kila mmoja yuko sahihi nyumbani kwake.

Liko pia suala la luku, na mama ndiye mlipaji. Joto la kuondoa ili kushusha maji kutoka nyuzi 80 hadi sifuri ni karibu sawa na joto la kuondoa ili maji yale ya sifuri yawe barafu. Ukianza na nyuzi 80, friza ina kazi mara moja na nusu na zaidi ya kuanza na nyuzi 20, nani atangulie asitangulie. Kuchemsha achemshe, tena ni lazima kwa usalama wa watoto wetu. Ila apoze kwenye beseni la maji kwanza. Nilimpigia hesabu hiyo mezani, akaichukua karatasi.

Ninachotaka basi ni hiki. Kila sekondari ya wilaya hii, kutoka Hedaru hadi Gonja, iwe na vipimajoto vinavyoshikika, na mwanafunzi aliyeuliza swali la ajabu apewe kimoja kabla hajapewa jibu. Nimeona wajukuu wangu wakichora kipimajoto kwenye daftari, na rangi nyekundu wametia, bila kuwahi kukigusa. Mtoto anayechora kifaa anajifunza kwamba sayansi ni maneno ya mwenye chaki, na akikua anakuja kijiweni kuwauliza akina mama walisoma wapi. Uzee wangu unastahili shikamoo. Ukweli wa maji hautokani na uzee wangu, na vijana wanisalimie kisha wanibishie.

Daftari letu lina kurasa nne zilizoandikwa. Jumamosi ijayo tunaanza upya, safari hii kwa ubuyu wenyewe badala ya maji, maana sukari hushusha nyuzi za kuganda, na Mpemba naye alianza na maziwa yenye sukari. Mwenye friza Makanya, Mwembe au kokote milimani aje na namba zake, aandike na kina cha kipimajoto, na aseme aliposimamisha saa aliona nini. Jirani yangu ametoa friza bure kwa sharti moja tu: ubuyu wa jaribio ukishaganda, wa moto na wa baridi, ni wake, na Jumapili asubuhi atauuza.