Nywele Hazijakataa Helmeti

Imeenea katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, kutoka vijiwe vya bodaboda vya Kayanga na Omurushaka hadi Nkwenda, Isingiro na Murongo mpakani mwa Uganda, itikadi moja ambayo wanaume huitamka kwa yakini na wanawake huipokea bila ya kuidai ushahidi: kwamba mwanamke mwenye nywele ndefu na nene, aliyezisuka au aliyeziachia, hawezi kuvaa helmeti, kwa kuwa haimwenei, na hata ikimwenea itamharibia kichwa alichokaa kusukwa tangu asubuhi hadi alasiri. Mimi naikana itikadi hii. Ni batili kwa upande wa kichwa, ni batili kwa upande wa kofia, na kilichoidumisha ni faida wanayoipata watu wasiosuka nywele kabisa.

Simama njia panda ya Omurushaka siku ya soko, utazame jinsi jambo linavyokwenda. Mama anatoka sokoni na mfuko wake, kichwani amesuka twende kilioni iliyokusanywa utosini kwa fundo kubwa, naye anataka kufika Nkwenda kabla ya mvua; kijana wa bodaboda, ambaye helmeti yake mwenyewe imemkaa sawasawa, anampokea mfuko, anaufunga nyuma kwa mpira, kisha anamwambia, "Panda tu mama, wewe umesuka, hii haitakuenea, nitakwenda polepole." Maneno hayo yana sauti ya staha, na pengine kijana anaamini kuwa amemtendea hisani, lakini itazame pikipiki yake, nawe utaona kwamba helmeti ya abiria haipo kabisa, au ipo moja iliyoning'inizwa kwenye usukani, kifungo cha mkanda wake kimevunjika, na ukubwa wake ulichaguliwa dukani kwa kichwa cha mwanamume aliyenyoa. Gharama ya kofia ya pili imekwepwa, na taksiri hiyo wametwikwa mama zetu na nywele zao. Ama ile ahadi ya kwenda polepole, haimfungi dereva wa lori la kahawa anayekuja kwa kasi katika vumbi, wala haimfungi mbuzi anayekatiza njia ghafula, na kichwa kinachoanguka kutoka kimo cha kiti cha pikipiki hakihitaji mwendo mkali ili kipasuke.

Sisemi haya kwa kuzibeza nywele. Msichana katika shule zetu nyingi hutakiwa kukata nywele tangu darasa la kwanza hadi amalizapo kidato cha nne, na kwa hiyo zile anazozifuga baadaye ni mojawapo ya mambo ya kwanza ambayo yeye mwenyewe ameyaamua juu ya mwili wake. Anayemwambia azinyoe ili apate kupanda pikipiki kwa salama amemrudisha darasani, tena bila ya haki. Uzuri wa nywele na usalama wa fuvu vyaweza kukaa pamoja katika kichwa kimoja, madhali tumekubali kufahamu helmeti hufanya kazi gani.

Kazi yake haifanywi na lile gamba la nje linalong'aa peke yake, bali hufanywa zaidi na tabaka la povu gumu lililo chini ya sponji, ambalo likipigwa husagika na kubonyea, na kwa kubonyea huko hulipunguza pigo kabla halijaufikia ubongo. Ili povu hilo lifae, sharti likikumbatie kichwa pande zote, ukingo wa mbele ukae juu ya nyusi kwa kadiri ya vidole viwili, na mkanda ufungwe chini ya kidevu hata usipitishe zaidi ya vidole viwili. Mharibifu wa mpango huo si wingi wa nywele, wala si urefu wake, ni fundo. Fundo la utosini huinua kofia na kuliacha paji la uso wazi, na mwanamke akianguka, kofia huweza kutangulia kuruka, kichwa kikafuata chini kitupu. Nywele zizo hizo, nyingi vilevile, zikisukwa njia zinazolala juu ya ngozi na kuteremka kisogoni, kisha zikafungwa karibu na shingo kwa mkia mmoja au miwili, hazina ugomvi na helmeti. Rasta ndefu huteremshwa vivyo hivyo, zikaingizwa ndani ya koti ili zisifumuliwe na upepo na kujaa lile vumbi jekundu la kiangazi. Na ncha ya mtandio nayo ichomekwe, maana yaweza kunaswa na gurudumu. Vibanio, pini na shanga zitolewe mahali pote panapofunikwa, kwa sababu kitu kigumu kilichoko baina ya povu na fuvu huweza kuwa silaha siku ya ajali. Wigi na livuliwe, litiwe mkobani, livaliwe tena safari ikiisha. Sioni fedheha yoyote katika hilo, na anayecheka mwanamke anayevaa wigi lake mbele ya kioo cha pikipiki amekosa adabu. Mkanda ukiisha kufungwa, mvaaji atikise kichwa, kisha aisukume kofia kwa kiganja kutoka kisogoni kwenda mbele: ikimvuka, hajavaa.

Wapo wasemao kwamba haya yote ni makuu ya bure, kwamba kofia ni hiari ya mtu. Hao nawajibu kwa ushahidi. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, yule mwanajeshi na mwandishi wa Kiingereza aliyepata sifa katika vita vya Uarabuni, alianguka na pikipiki akiwa kichwa wazi, akafa baada ya siku chache. Daktari mpasuaji Hugh Cairns, aliyekuwa miongoni mwa waliomwuguza, aligeukia kuchunguza vichwa vya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha ushahidi wa manufaa ya kofia ngumu. Mwaka 2008 uchambuzi wa Cochrane, uliokusanya tafiti 61, ulionyesha kuwa helmeti hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kwetu hesabu hizo zina uzito zaidi, kwa kuwa anayevuja damu ubongoni huko Murongo ana safari ndefu ya barabara kabla ya kuifikia hospitali ya rufaa ya Bukoba, sembuse Bugando ya Mwanza, na saa zinazopotea njiani hazirudishwi na daktari yeyote.

Hoja moja ya kina mama naikubali bila ya ubishi: helmeti inayopita vichwa vya watu wote kutwa nzima hunuka jasho, na hofu ya kuambukizwa maradhi ya ngozi ya kichwa si ya kupuuzwa. Lakini dawa yake ni kitambaa chepesi cha pamba, mali ya mwanamke mwenyewe, kinacholazwa juu ya nywele bila ya fundo kabla ya kuvaa, ambacho kadhalika huzikinga nywele zisikatike kwa msuguano. Na dada anayejisitiri kwa mtandio mwembamba, usio na pini, amekwisha kuwa tayari kabla hajafika kijiweni.

Basi wanaodaiwa ni hawa. Msusi wa Kayanga amwulize mteja, kabla hajaanza kuchambua nywele, kama hupanda pikipiki, na akijibiwa ndiyo, ayatoe mafundo utosini. Mwenye duka alete helmeti ndogo na kubwa, asijaze rafu kwa kipimo kimoja. Mwendeshaji awe na mbili, ya pili iwe na mkanda unaofungika na povu lisilopasuka. Na yule atakayemwambia abiria wake, "Mama, hii haitakuenea," na aulizwe pale pale, mbele ya wenzake wa kijiweni, ni ipi hiyo aliyomjaribisha.